Gari Moja, Kazini na Uwanjani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Volkswagen waliionyesha Golf GTI ya kwanza Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuiuza mwaka 1976: injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 110, ndani ya umbo la hachibaki ya kawaida ya familia. Wazo hilo halijabadilika mpaka leo. Gari ni dogo, viti vya nyuma vinakunjwa, buti inabeba mzigo wa sokoni, na chini ya boneti kuna injini inayozidi umbo lake. Ndiyo maana Wakenya wengi wanaotaka gari la kuwapeleka kazini Jumatatu na kuzunguka uwanja wa mbio Jumapili mojamoja huishia hapo, kwenye Golf GTI, Suzuki Swift Sport na ndugu zao.

Matakwa hayo ni halali. Uwanja uliofungwa ndio mahali pekee ambapo dereva ana haki ya kulijua gari lake mpaka ukomo wake. Tatizo ni namna watu wanavyonunua. Wanatazama nguvu za farasi, rangi na sauti ya ekzosi, wanamaliza pesa zote siku ya kununua, kisha wanaingia uwanjani na breki zilizochoka na matairi yaliyokauka. Gari la kazi mbili hununuliwa kwa hali yake, kwa uwezo wake wa kusimama, na kwa akiba inayobaki baada ya kulilipia. Masharti yafuatayo yote yanatokana na hilo.

KABLA YA KWENDA KUTAZAMA GARI

Tenga pesa ya matengenezo kabla hujatenga pesa ya kununua. Chukua fedha zote ulizonazo, ondoa sehemu moja kati ya tano, na uiweke pembeni. Hiyo ni ya matairi manne mapya, padi na diski za breki, oili ya injini na ya gia, mafuta ya breki, plagi, na bushi zitakazogundulika zimekufa. Kilichobaki ndicho bei yako ya juu. Kama bei hiyo haifiki kwenye gari unalolitamani, shuka kwa gari la chini yake. Usiiguse akiba.

Chagua gari kwa ajili ya siku za kazi. Utaingia uwanjani mara chache kwa mwaka, lakini mashimo, matuta na foleni utakutana navyo kila asubuhi. Kwa hiyo kaa ndani ya gari na upime mambo ya kila siku: mtoto anapanda vipi nyuma, buti inabeba nini, tumbo la gari liko umbali gani kutoka ardhini. Golf GTI ya kizazi cha saba huja na rimu za inchi 17, 18 au hata 19. Chukua za 17. Tairi la 225/45 lina ukuta mnene wa kupokea shimo, na bei yake ni nafuu kuliko la inchi 19, ambalo shimo moja tu linaweza kulipasua pamoja na rimu.

Usinunue kwa nguvu za farasi peke yake. Kwanza, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu kiasi hicho hicho cha nguvu. Injini yenye turbo hufidia, lakini turbo yenyewe hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na joto huongezeka. Nambari iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari ilipimwa kwa hewa ambayo wewe huna. Pili, uzito. Suzuki Swift Sport iliyotoka mwaka 2017 ina injini ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 140, na uzito wa kilo 970 ikiwa na gia za mkono. Golf GTI ya kizazi cha saba ina nguvu 220 au zaidi, lakini inakaribia kilo 1,400. Kilo hizo mia nne na zaidi zinasimamishwa na breki zako kwenye kila kona na kubebwa na matairi yako kwenye kila mzunguko. Kwa dereva anayeanza, gari jepesi lenye nguvu za kiasi litamfundisha zaidi na kumgharimu kidogo.

Usidanganywe na jina la mashindano. Toyota GR Yaris iliyoshinda Safari Rally ya Naivasha mwaka 2022 mikononi mwa dereva Kalle Rovanperä ilikuwa na fremu maalumu ya mabomba ya chuma na mota ya umeme iliyosaidia injini. GR Yaris ya barabarani ni gari bora sana, lakini halikutoka kwenye karakana ile. Lipime kwa hali yake na kwa bei ya spea zake, si kwa vumbi la Naivasha.

Usinunue gari lililokwisha kuchezewa. Muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba kompyuta ya injini imeongezwa nguvu, ekzosi imebadilishwa, gari limeshushwa. Kila neno kati ya hayo ni sababu ya kuondoka. Huna njia ya kujua ni nani aliyeandika programu hiyo, alitumia petroli gani, na injini imefanya kazi kwa shinikizo gani kwa muda gani. Tafuta gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, lenye mmiliki asiyejua hata kwamba uwanja wa mbio upo. Ukitaka kubadilisha kitu, badilisha mwenyewe, baada ya kuujua msingi.

UKIAGIZA KUTOKA JAPANI

Soma karatasi ya mnada mwenyewe. Magari mengi ya aina hii yanayoingia Kenya yamepitia minada ya Japani, na kila gari pale hupewa karatasi ya ukaguzi. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri lililotumika kwa uangalifu. Herufi R au RA kwenye nafasi ya daraja ina maana gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa mwili wa gari, A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Mwombe wakala nakala ya karatasi halisi, kisha mtafute mtu anayesoma Kijapani akutafsirie maelezo ya mkaguzi yaliyoandikwa kwa mkono. Siri za gari mara nyingi huwa humo.

Piga hesabu ya ushuru kabla ya kupandisha bei mnadani. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. KRA, mamlaka ya mapato, nayo hutoza ushuru kwa kuanzia bei ya gari likiwa jipya kwenye orodha yake, kisha inapunguza uchakavu kulingana na umri. Haianzii kwenye bei uliyolipa wewe. Hachibaki ya kasi ilikuwa ghali ilipokuwa mpya, na ushuru wake hufuata ughali huo hata kama mnadani umeipata kwa bahati.

Usisahau mambo madogo ya kila siku. Redio ya gari la Japani huanzia megahazi 76 na kuishia mapema, kwa hiyo stesheni nyingi za huku hutazipata bila kifaa cha kuongeza. Ramani na maandishi ya skrini yatakuwa kwa Kijapani. Uliza gharama ya kubadilisha kabla hujalipa. Angalia pia kama gari lina tairi la akiba, maana mengi ya aina hii huja na chupa ya gundi na pampu ndogo tu, na gundi haitibu tairi lililopasuka ubavuni usiku njiani kwenda Nakuru.

SIKU YA KUKAGUA GARI LILILO NCHINI

Fika injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema kwamba hutaki gari liwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini ya baridi haiwezi kuficha mambo: mlio wa mnyororo katika sekunde mbili za kwanza, moshi wa buluu unaoonyesha oili inaungua, moshi mweupe usiokoma unaoonyesha maji yanaingia pasipostahili. Kwa Golf GTI ya kizazi cha sita, sikiliza mnyororo huo kwa makini kabisa, kwa sababu kikaza mnyororo cha matoleo yake ya mwanzo kinajulikana kwa kushindwa. Kikishindwa, vali hugongana na pistoni na injini imekwisha. Uliza pia gari linaongezwa oili mara ngapi kati ya sevisi mbili, kwani injini hizo zinajulikana kwa kula oili. Kwa kizazi cha saba, mulika kwa tochi nyumba ya pampu ya maji na thamostati. Ni ya plastiki, huvuja, na alama za maji ya radieta yaliyokaukia pale ni onyo la kutosha.

Leta fundi wako na kompyuta yake. Asisome injini peke yake. Asome kila sehemu: gia, breki za ABS, mifuko ya hewa, usukani. Kama hitilafu zilifutwa asubuhi hiyo, kompyuta itaonyesha kwamba vipimo vya ndani havijakamilika, na hilo ni jibu tosha kuhusu muuzaji.

Pima gia kwa mwendo wa pole. Gia za DSG za GTI zina klachi mbili zilizozama kwenye oili, na toleo la gia sita hudai oili na chujio vipya kila kilomita 60,000. Omba risiti ya kazi hiyo. Bila risiti, chukulia kwamba haikufanyika na upunguze bei. Endesha gari taratibu kama uko kwenye foleni, simama mlimani, ondoka tena. Likitetemeka linapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, au likisita kisha likaruka, achana nalo. Kwa gia za mkono, weka gia ya juu ukiwa kwenye mwendo mdogo na ukanyage. Mshale wa mzunguko wa injini ukipanda bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha.

Soma matairi kama ushahidi. Tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi hueleza wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya kampuni nne tofauti yanaonyesha mmiliki aliyekuwa akinunua cha bei rahisi kila alipopata dharura, na hivyo ndivyo alivyotunza injini pia. Tairi lililolika upande wa ndani pekee linaonyesha bushi zilizokufa, magurudumu yasiyonyooka au gari lililogongwa.

Tafuta ajali iliyofichwa. Mikanda ya viti huwa na kitambulisho chenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda mmoja ukiwa mpya kuliko mingine, au kuliko gari lenyewe, uliza sababu. Tazama alama za vioo vyote, tazama nati za boneti na za mabawa kama rangi yake imekwaruzwa na spana, inua zulia la buti uone kama chuma cha chini kimenyooshwa. Gari lililopinda litakupeleka kazini vizuri kwa miaka. Uwanjani, ukifunga breki kwa nguvu zote, litavuta upande mmoja.

Usikubali kuharakishwa. Dalali wa Ngong Road atakuambia kuna mteja mwingine anakuja na pesa mkononi saa nane. Mwache aje. Magari haya yapo, na mengine yatakuja.

Usilipe kabla ya kuona kumbukumbu za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Hakikisha jina la mwenye gari, namba ya chesisi na namba ya injini vinalingana na vilivyo kwenye chuma. Hakikisha hakuna benki wala sacco iliyoandikwa kama mmiliki mwenza. Malipo ya mwisho na uhamisho wa umiliki vifanyike pamoja, siku hiyohiyo, mkiwa wote wawili mbele ya skrini.

WIKI YA KWANZA

Badilisha kila kitu cha majimaji. Oili ya injini, oili ya gia, maji ya radieta, mafuta ya breki. Usisikilize maneno kwamba ilifanyika mwezi jana. Oili ya injini iwe na kiwango kilichotajwa na mtengenezaji. Kwa GTI kiwango hicho huandikwa kwenye kopo kama VW 502 00, na kopo lisilo nacho liachwe dukani. Gari linaloingia uwanjani libadilishwe oili kila kilomita 5,000 hadi 7,500. Muda mrefu ulioandikwa kwenye kitabu ulipangiwa gari linalotembea kwa upole barabarani.

Nunua spea halisi na udai risiti. Iwe kwenye maduka ya Kirinyaga Road au kwa wakala, padi bandia ya breki haionekani kwa macho. Inajulikana kwenye kona ya tatu ya mzunguko wa nne. Kwenye breki, matairi, viungo vya usukani na mabomba ya mafuta ya breki, kitu cha bei ya kushangaza usikiguse.

Usiongeze nguvu mwaka wa kwanza. Usiandike upya kompyuta, usibadilishe turbo, usifunge ekzosi ya kelele. Nguvu ya ziada hufika kwenye klachi, kwenye mfumo wa kupoza na kwenye breki ambazo bado huzijui. Shilingi ya kwanza ya mabadiliko iende kwenye padi na mafuta ya breki, ya pili kwenye matairi, ya tatu kwenye mafunzo ya udereva. Nguvu isubiri hadi hayo yawe tayari.

Usilishushe gari. Wahandisi walishalishusha kiasi kinachotosha. Ukilishusha zaidi, tuta la kwanza mtaani litavunja sahani ya chini ya injini, na pembe za magurudumu zitatoka kwenye nafasi yake.

KATIKA MATUMIZI YA KILA SIKU

Tia petroli iliyoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi. Ikiandikwa 95, basi 95 ndiyo ya chini kabisa. Petroli dhaifu hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya injini yenye turbo. Kompyuta huzuia madhara kwa kupunguza nguvu, lakini kwenye joto la uwanjani kinga hiyo ina kikomo.

Pasha oili moto kabla ya kukanyaga. Mshale wa maji ukifika katikati, oili bado inahitaji kilomita kadhaa zaidi. Mpaka hapo endesha kwa utulivu.

Usitambae na DSG kwenye foleni. Subiri nafasi ifunguke, kisha songa kwa hatua moja. Mlimani shikilia gari kwa breki. Usilishikilie kwa kukanyaga mafuta kidogo, kwa sababu kila sekunde ya namna hiyo inakula klachi.

Usiigeuze barabara kuwa uwanja. Sharti hili halina msamaha. Mwendo wa juu kwa gari binafsi kwenye barabara kuu za Kenya haupiti kilomita 110 kwa saa, mjini ni 50, na Nairobi Expressway ni 80. Thika Road usiku ina mtu anayevuka kwa miguu akitoka zamu, ina matatu inayosimama ghafla, ina bodaboda isiyo na taa. Hakuna hata mmoja wao aliyekubali kushiriki mbio zako. Anayenunua gari hili huku akijua moyoni kwamba atakimbizana barabarani, asilinunue. Na wewe uliye rafiki yake, usikae kiti cha pembeni umshangilie.

KABLA YA SIKU YA UWANJA

Soma bima yako mpaka ukurasa wa mwisho. Bima kubwa nyingi huondoa wazi mbio, majaribio ya mwendo na mashindano ya aina yoyote. Mpigie wakala, uliza kwa maandishi, pata jibu kwa maandishi. Jibu likiwa hapana, basi siku hiyo gari ni lako na hasara ni yako. Jiulize kama unaweza kulipoteza gari zima na bado ukafika kazini Jumatatu. Kama huwezi, usiingie. Na mabadiliko yoyote uliyofanya yajulikane na kampuni ya bima, la sivyo hata ajali ya barabarani inaweza kukosa fidia.

Tia mafuta ya breki mapya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha DOT 4 kinataka yachemke si chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kipimo hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba, na pedali huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama. DOT 5.1 huanzia nyuzi 260 na inachanganyika na DOT 4. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, imetengenezwa kwa silikoni, na haichanganywi na hizo.

Pima padi kwa rula. Padi iliyo chini ya nusu ya unene wake haiingii uwanjani. Nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi: gari linalosimamishwa kutoka kilomita 120 kwa saa hutoa joto mara nne ya lile linalosimamishwa kutoka 60. Padi iliyobakisha miezi minne ya mjini inaweza kuisha kwa alasiri moja.

Toa kila kitu ndani ya gari. Jeki, chupa za maji, viatu, kiti cha mtoto, zulia la dereva, simu. Chupa ikiviringika chini ya pedali ya breki, hakuna ustadi utakaokuokoa. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia mkazo. Kwa Golf kipimo ni Nm 120, na kirudiwe baada ya zamu ya kwanza. Fika na zaidi ya nusu tangi, kwa sababu kwenye kona ndefu petroli huegemea upande mmoja na injini inaweza kukosa. Oili nayo iwe karibu na alama ya juu, kwa sababu hiyohiyo.

UWANJANI

Hudhuria maelezo ya mwanzo na ujifunze bendera. Ya njano ni hatari mbele, hakuna kupita. Nyekundu ni zamu imesimamishwa, rudi taratibu. Ya buluu ni kuna mwenye kasi nyuma yako, mpishe. Nyeusi ukionyeshwa wewe, ingia ndani mara moja. Asiyeshuka kwenye gari kusikiliza maelezo hayo ni hatari kwa wote, na waandaaji wana haki ya kumrudisha nyumbani.

Funga breki kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Hachibaki inayovutwa na magurudumu ya mbele ina tabia mbili. Ukiingia kona kwa kasi mno, pua hukataa kukata na gari huenda mbele. Ukishtuka ukaachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito hukimbilia mbele, nyuma hubaki nyepesi na mkia huchomoka. Dawa ya yote mawili ni moja: punguza mwendo mapema, geuka kwa utulivu, kanyaga mafuta taratibu unapouona mwisho wa kona.

Usizime mfumo wa kudhibiti mteleko. Taa yake ikiwaka kila kona, inakueleza kwamba unakosea. Sikiliza, rekebisha, mpaka taa iache kuwaka.

Usipime muda. Saa huwafanya watu wafunge breki mita tano baadaye kuliko akili inavyosema. Pia kwa kampuni nyingi za bima, kupima muda ndiko kunakoigeuza siku ya mazoezi kuwa mashindano.

Fanya mizunguko michache, kisha pumzisha gari. Dakika 10 hadi 15 kwa zamu zinatosha. Mzunguko wa mwisho uende pole, bila breki za nguvu, ili turbo, oili na diski zipoe kwa hewa. Ukisimama, usivute breki ya mkono, maana padi za moto zikibana diski ya moto zinaacha alama na zinaweza kupinda chuma. Acha gari kwenye gia, weka kizuizi chini ya gurudumu. Upepo wa matairi utakuwa umepanda kwa joto. Upunguze kwa kipimo, na uandike ulipunguza kiasi gani ili uurudishe kabla ya safari ya nyumbani.

Usifungue kifuniko cha radieta cha moto. Kwenye kimo cha Nairobi maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ni shinikizo la mfumo uliofungwa tu linaloyazuia. Ukifungua, yanaruka usoni.

Ondoka ukiwa bado una nguvu. Zamu ya mwisho ya siku hukuta dereva amechoka, matairi yamelegea, breki zimekwisha, na kiburi kimepanda. Iache. Na njiani kurudi, endesha kama dereva wa basi la shule: macho yako yamezoea kasi ya uwanjani na yatakudanganya kwamba kilomita 100 kwa saa ni pole.

JUMATATU ASUBUHI

Kagua kabla ya kwenda kazini. Oili, maji ya radieta, unene wa padi, ndani ya kila tairi, nati za magurudumu, uvujaji chini ya gari. Pedali ya breki ikiwa laini kuliko ilivyokuwa Jumamosi, gari libaki nyumbani nawe upande matatu. Andika kila ulichokiona kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na kilomita, ili fundi afanye kazi kwa kumbukumbu badala ya kubahatisha.

Usiahirishe marekebisho kwa sababu gari bado linatembea. Gari hili linabeba familia yako siku zote ambazo si za uwanja. Kasoro iliyozaliwa kwenye kona ya uwanjani itajitokeza kwenye mteremko wa Mai Mahiu ukiwa na watoto nyuma. Kama pesa ya kutengeneza haipo, siku ya uwanja inayofuata imefutwa, hata kama umeshailipia na marafiki wanakungoja. Asiyeweza kukubali sharti hilo moja, anunue hachibaki ya kawaida, aitunze vizuri, na aende uwanjani kutazama wenzake.